Mzee Chini ya Kitanda

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuandika vichekesho vya televisheni, hutabasamu hata kabla sijafungua kinywa. Hunitazama wakingoja niwachekeshe. Sina la kuwachekesha. Kazi ile niliifanya miaka saba, na mpaka leo nikiikumbuka najihisi kama mtu aliyemeza nzi pamoja na chai yake, na tayari kikombe amekimaliza.

Sikuanza vibaya. Katikati ya miaka ya sitini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kenyenya, na kila siku ya wazazi ilipokaribia mwalimu mkuu alinitaka nitunge mchezo mfupi. Niliandika juu ya karani anayemwogopa mkewe, mganga anayeugua mafua, mtu anayetafuta miwani iliyo puani pake. Wazazi walicheka hadi akina mama wakaketi nyasini na kushika mbavu. Kile kilikuwa kicheko kisafi. Kikiisha, kila mtu alikwenda nyumbani na heshima yake yote. Afisa mmoja wa elimu aliyekuwa mgeni wetu siku moja ya wazazi akaniambia nipeleke michezo yangu redioni. Nikapeleka. Redio ikanifikisha kwenye televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliweka chaki chini, nikamwacha mke wangu nyumbani Manga akichuma chai na kulea watoto, nikahamia Nairobi, chumba kimoja, bafu la watu kumi na sita.

Sijui watu hufikiri studio ikoje. Ile yetu ilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye taa kali zilizomchemsha mtu akiwa wima. Waigizaji walipakwa poda, wakatoa jasho, poda ikageuka uji mashavuni mwao, na juu ya uji huo wakapakwa poda nyingine. Kulikuwa na zulia moja lililotumika kama sebule ya tajiri wiki hii na ofisi ya chifu wiki ijayo, na harufu yake sitaki kuieleza. Mtayarishaji wetu alikuwa mtu wa kula karanga huku akisoma kazi yangu. Maganda yalidondoka juu ya kurasa, akayapeperusha kwa kiganja, na kila aliporudisha mswada ulikuwa na alama za vidole vyenye mafuta katika mistari aliyoipenda. Ilikuwa mistari mibovu kuliko yote.

Lakini kilichonichukiza kupita hayo ni mkanda wa vicheko. Hatukuwa na watazamaji studioni, hapakuwa na mahali pa kuwaketisha. Kwa hiyo vicheko vilikuwa vimerekodiwa zamani, vya Wazungu, vilikuja na mitambo. Mwigizaji akisema jambo, fundi anabonyeza, Wazungu wanacheka. Kulikuwa na mama mmoja katika mkanda ule aliyecheka kama mtu aliyekabwa na mfupa. Nilimsikia kila wiki. Alicheka karani alipofutwa kazi, alicheka mtoto alipopigwa, alicheka vilevile, kwa kipimo kilekile. Nilikuwa nikijiuliza yuko wapi sasa, kama yu hai, na kama anajua kwamba huku Afrika anawacheka watu asiowajua.

Tena nilitakiwa niandike mtu wa kwetu anayevuruga Kiswahili. Sisi Abagusii Kiswahili tulikifundishwa darasani, kwa fimbo, na nyumbani tukakiacha mlangoni. Mama yangu akienda mjini Kisii kuuza ndizi alikisema kwa shida na kwa ujasiri, na hakuna aliyewahi kumcheka ila mimi. Nilichukua maneno yake nikampa mpishi mjinga wa mchezo wetu. Mtayarishaji alipiga meza kwa furaha. Nilijua ninachokifanya. Nilikifanya.

Sasa nieleze juu ya baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa chai na ndizi, shemasi wa kanisa la Sabato, mtu mrefu mwenye koti la kijani lililomfika miguuni. Hadi wakati ule sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwondoa mgeni asiyetakiwa. Mwaka wangu wa pili Nairobi alikuja kunitembelea. Mke wangu alikuwa amenijia kwa likizo ya shule, na sote tulikuwa katika kile chumba kimoja. Baba alifika, akakohoa nje kama anavyofanya akiingia boma la mtu, akatoa kigoda alichobeba katika gunia toka Manga, akaketi mbele ya mlango. Nje. Kwenye kibaraza cha saruji, watu wakimruka na ndoo zao.

Kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima na haya zilizosokotwa pamoja. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa sababu mle ndani kuna kitanda cha mwanawe na cha mkamwana wake, na hilo ni jambo lisilopaswa kufikiwa hata na jicho lake. Mambo ya chumbani hayatajwi baba na mkamwana wakiwa mahali pamoja. Likitajwa kwa bahati mbaya, mmoja wao huondoka. Hakuna anayekasirika, hakuna anayeeleza. Ndivyo tulivyoweza kuishi wengi katika kilima kimoja bila kuvuana nguo.

Baba alikaa nje ya mlango wangu siku tatu. Alikula pale, alisoma Biblia pale, mvua ilipokuja alijikunja chini ya ukingo wa bati. Kulala alilala kwa ndugu mmoja wa kanisani mtaa wa pili. Majirani walidhani tumemfukuza. Mama mmoja wa mlango wa pili alinigombeza hadharani: "Wewe ni mtoto gani unafungia mzazi nje kama mbwa?" Baba alimsikiliza, akamwambia kwa Kiswahili chake cha shule ya misheni, "Mama, mimi ndiyo nimekataa. Nyumba ni yake." Mama yule aliondoka akitikisa kichwa.

Nilicheka sana siku ile, na nikampenda sana baba. Alipoondoka niliandika mchezo. Mzee anakuja mjini, anakataa kuingia, mtaa mzima unagombana kwa ajili yake, na yeye anabaki pale juu ya kigoda, mtulivu kuliko wote. Niliamini kwamba ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Bado naamini.

Mtayarishaji aliisoma hadi mwisho bila kuacha alama hata moja ya mafuta.

"Bwana mwalimu," akasema, "hii ni huzuni. Nani atacheka mzee akikaa nje? Ingiza yeye ndani."

"Kwetu haiwezekani."

"Sasa si ndiyo uzuri? Haiwezekani, halafu anaingia. Mvua inamfukuza. Anaingia chumba ya kulala, anasikia bibi ya kijana anakuja, anajificha chini ya kitanda. Bibi anavua nguo, anabaki na shimizi. Mzee anapiga chafya." Akatema ganda la karanga. "Hiyo ni kichekesho. Leta kesho."

Ningeweza kukataa. Walimu walikuwa wakitafutwa, ningerudi Kenyenya na hakuna ambaye angekufa njaa. Lakini nilikuwa nimezoea kuitwa mwandishi. Nilikuwa nimezoea jina langu kupita kwenye kioo. Niliketi kwenye taipureta alasiri ile na kufikia saa kumi na moja mzee alikuwa chini ya kitanda. Haikuchukua hata muda mrefu. Na mwigizaji alipouliza mzee huyo avae nini, ni mimi niliyesema: koti refu la kijani, na kigoda ndani ya gunia.

Nilikuwa na kisingizio kimoja na nilikikumbatia. Mchezo wetu ulionyeshwa Ijumaa jioni. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na nyumbani kwetu kuni zimeshapasuliwa, viazi vimeshachemshwa, redio imeshazimwa. Hapakuwa na Msabato wa Manga ambaye angeketi mbele ya televisheni saa hiyo. Wakatoliki wangeweza, lakini walikuwa wangapi waliokuwa na televisheni? Basi nikajiambia kwamba ninachoandika hakitamfikia baba. Na aliponiuliza kazi yangu hasa ni ipi, nilimwambia ninaandika mafundisho. Akawaambia kanisani. Mwanangu anaandika mafundisho ya televisheni.

Kipindi kile cha mzee kilipendwa kupita vyote. Mikanda yetu mingine ilifutwa na kutumiwa tena, maana mikanda ilikuwa ghali, na kusema kweli sijasikitikia hata mmoja. Huo mmoja ukawekwa. Halafu, baada ya mwaka hivi, wakubwa wakaamua kuhamisha mchezo wetu kutoka Ijumaa hadi Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwa kufungua siku hiyo mpya wakapanga kurudia kipindi kilichopendwa. Niliona orodha imebandikwa ukutani ofisini. Juma hilohilo ikaja barua ya mke wangu. Mfanyabiashara mmoja wa Nyakoe, soko lililo chini ya kilima chetu, alikuwa amenunua televisheni na jenereta, ameinua antena juu ya mlingoti wa mkaratusi, na Jumapili watu wanakwenda kutazama. "Baba amefurahi sana," aliandika. "Ameambiwa mafundisho yako sasa ni Jumapili. Anasema twende sote, na mimi pia."

Niliomba ruhusa, nikasafiri Alhamisi. Nilikwenda kumwambia baba asiende. Hilo tu ndilo lililonitoa Nairobi.

Nilifika Ijumaa mchana. Baba alikuwa shambani akichuma chai, akaniona, akaweka kikapu chini akaja kunisalimia kwa mikono miwili. Nikasema nitamwambia akishapumzika. Alipopumzika walikuja wazee wawili wa kanisa kunisalimia, nao wakataka kujua kama nimewahi kumgusa yule mtu anayesoma habari. Kisha jua likazama na Sabato ikaingia, na siku ya Sabato hatuzungumzi habari za kazi. Ni sheria ambayo sijawahi kuishika vizuri kama nilivyoishika siku hiyo. Nilikaa kanisani tangu asubuhi hadi alasiri. Katika matangazo, mzee wa kanisa alisema kwamba kesho ndugu wote wenye nafasi wanakaribishwa Nyakoe kuona kazi ya mwana wa shemasi wetu. Watu waligeuka kunitazama. Baba aliinamisha kichwa ili asionekane akijivuna.

Jumapili asubuhi nilimkuta akipiga kiwi viatu vyake. Nikamwambia mvua itanyesha. Akatazama mbingu, haikuwa na hata wingu. Nikamwambia picha za Nyakoe haziwezi kuwa nzuri, kilima kinazuia. Akasema ameambiwa ni safi. Nikamwambia, "Tata, kile ni kichekesho tu, si kitu cha wazee."

"Mwanangu," akasema, "wakati ukiwa Kenyenya sikuwahi kuja kuona michezo yako. Nilikuwa na chai ya kuchuma. Nimejuta." Akaendelea na kiatu cha pili.

Maneno yalikuwa mepesi: kuna mzee katika mchezo huu, ni wewe, na nimekuvua heshima yako mbele ya mkamwana wako. Nilikuwa na siku nzima ya kuyasema. Nilijisikia mchafu mno, lakini uchafu haukunifungua kinywa. Kilichonifunga kilikuwa kiburi. Sikutaka aache kujuta kwamba hakuwahi kuiona kazi yangu.

Tuliteremka kutoka Manga mchana, kundi la watu kama ishirini, wanaume mbele, wanawake nyuma na leso zao nzuri. Njia nzima niliombea ile jenereta iharibike. Ilikuwa inanguruma vizuri tulipofika. Yule mfanyabiashara alikuwa ametoa magunia ya mahindi kwenye ghala lake na kupanga mabenchi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Baba aliwekwa mbele. Mimi pembeni yake. Mke wangu alikuwa benchi la tatu upande wa wanawake, na nikigeuka kidogo nilimwona.

Jina langu lilipita kwenye kioo na watu wakapiga makofi. Mara mzee akatokea. Koti refu, gunia, kigoda. Nilihisi baba akijinyoosha. Alijitambua kabla mwigizaji hajasema neno. Kwa dakika kadhaa mambo yalikwenda vyema, kwa kuwa mwanzo wa mchezo ulikuwa bado wangu: mzee nje ya mlango, majirani wakigombana. Watu walicheka, na baba akanigusa goti kwa kidole. Alikuwa amefurahi. Nakumbuka uzito wa kidole kile.

Kisha mvua ya studio ikanyesha, na mzee akasimama, akafungua mlango, akaingia.

Alipita sebuleni, akaingia chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa katikati ya kioo, kikubwa, chenye shuka nyeupe. Mzee akaingia chini yake. Mkamwana akaja, akaanza kufungua vifungo. Na kule ndani ya kile kisanduku Wazungu wakaanza kucheka. Yule mama akakabwa na mfupa wake. Walicheka peke yao, kwa nguvu, na watu hamsini wa Nyakoe na Manga walitazama sakafu. Niligeuka nikamwona mke wangu amejifunika leso usoni mpaka kidevuni. Mzee wa kanisa alikuwa amekwisha kusimama nusu, ameshika kofia yake, akitafuta njia ya kutoka bila kumpita baba. Kama angetoka, wote wangetoka, na sisi wawili tungebaki pale na jambo lile, nami nisingeweza tena kukanyaga kilima kile.

Hapo baba akacheka.

Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Kicheko kilianza vibaya, kikavu, kikakwama, akakisukuma tena, safari hii kikubwa zaidi. Mabega yake yalitikisika. Alipiga paja lake kwa kiganja. Mimi nimelipwa miaka mingi kutambua kicheko cha kughushi, na kile kilighushiwa kuanzia pumzi ya kwanza. Machozi yalimtoka, hayo yalikuwa ya kweli. Akawageukia wazee.

"Mnaniona?" akasema. "Si ni mimi huyo! Koti langu lile! Kaeni, kaeni. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa hadithi hii. Nilimwambia, andika namna hii, watu wa mjini wacheke."

Mzee wa kanisa akamtazama. Shemasi alikuwa amesema, na shemasi hasemi uongo. Akaketi. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa kupata nafuu, kisha mwingine, kisha ghala lote, na mzee alipopiga chafya chini ya kitanda wanaume walilia machozi. Baba aliendelea kucheka hadi mwisho. Hakugeuza macho upande wa wanawake hata mara moja.

Tulipanda kilima giza likianza kuingia. Alitembea mbele, peke yake, haraka kuliko umri wake. Nilimfikia karibu na kisima na kusema, "Tata." Akainua mkono bila kugeuka. Hakuuinua kwa hasira. Uliniambia tu ninyamaze, nami nikanyamaza, kama ilivyo desturi yangu. Asubuhi nilipoondoka alikuwa amekwenda kwenye kituo cha kuuzia chai mapema.

Siku kumi baadaye barua ya mke wangu ilinifikia studioni, asubuhi ya kurekodi. Aliandika kwamba Sabato iliyopita baba alisimama mbele ya kanisa akaomba aondolewe ushemasi. Alisema amesema uongo mbele ya watu. Walipomuuliza ni uongo gani, alikataa kusema, maana angesema ningeumbuka mimi. Wakamwondoa. Tangu siku ya Nyakoe, mke wangu aliandika, baba akimwona yeye anakuja hutoka njiani akaingia kwenye chai, akasubiri hadi apite, na salamu zao sasa hupelekwa na watoto. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama nitakuja Desemba.

Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Mwigizaji wa mzee, ambaye kwa kupendwa kwake sasa alitakiwa kutokea kila wiki, alikuwa ananingoja. Mtayarishaji alitaka mzee awe na kicheko chake, kitu ambacho watu watakijua hata wakiwa jikoni. Nilikuwa nimeahidi kuleta. Nikasimama chini ya zile taa, nikamwonyesha: kinaanza kikavu, nikamwambia, kinakwama, unakisukuma, unapiga paja, unaacha machozi yatoke. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alikipata, na watu wote studioni, mafundi pia, wakaanguka kwa kucheka. Tulikitumia kila wiki mpaka nilipoacha kazi.

Mtayarishaji alijifuta macho, akaniuliza kicheko kile nimekitoa wapi. Nikamwambia nimekibuni mwenyewe.